Karani Ansbert na Risasi Tano za Dukani kwa Muhsin

Sogeeni, watu wa Temeke na wa ng'ambo ya Temeke; mwenye kiti aketi, asiye nacho achuchumae; mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe kabisa, na mwenye chungu jikoni akipunguzie moto, kwa maana habari inayokuja haipendi kukatizwa. Zipo tarehe, yaani habari za kale, za majemadari waliovunja maboma, na za masultani waliovuka maji kwa merikebu mia, nazo zimesimuliwa mpaka zimechakaa. Hii haijachakaa. Hii ni habari ya Ansbert Kamugisha, Mwenye Kalamu Tatu Mfukoni, alivyosimama mbele ya meza ya duka tangu saa tatu ya asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, katika mwaka wa sita tangu kwisha vita vya Hitla, akachagua risasi tano. Wapokezi wa habari ni watu waaminifu waliokuwa kwenye foleni nyuma yake, nao mpaka leo hawajamsamehe.

Ansbert huyu alikuwa mwana wa Bukoba, karani katika ofisi ya upimaji wa ardhi, mtu wa miaka arobaini na moja, mrefu, mwenye miwani, na suruali yake ilipigwa pasi hata mkunjo ukasimama wenyewe. Katika vita vya makaratasi hakuwa na mpinzani. Faili lililopotea tangu enzi ya Mdachi alilifukua. Barua ya Kiingereza ya kurasa nne aliijibu kwa kurasa sita. Na matarishi wa ofisi nyingine walipomwona akija na bahasha walijificha nyuma ya makabati. Lakini uwanja wa porini hakuujua hata kidogo, na alifanya juhudi kubwa watu wasijue kwamba haujui.

Bunduki alikuwa nayo. Mzungu wake mpimaji, aliyemtumikia miaka kumi na minne, alipofungasha kurudi kwao alimwachia bunduki ya kuwindia iwe ukumbusho. Kuipatia leseni kulichukua miezi saba, barua kumi na moja na picha mbili, na mwisho Boma likampa karatasi yenye muhuri: Ansbert Kamugisha aruhusiwa kuwa nayo, aruhusiwa kununua risasi tano kwa mwaka, na mtu mwingine yeyote asiitie mkono. Ansbert aliisoma karatasi hiyo mara nyingi kuliko alivyoitazama bunduki. Bunduki yenyewe ikakaa kabatini nyuma ya mashuka, imezungushiwa gunia, na kila Jumamosi mkewe Demetria, Mwenye Kuona Vilivyofichwa, akaifuta vumbi huku akimwuliza mumewe kama kitu kile kinakula au kinakunywa.

Sasa sikilizeni chanzo cha vita. Ansbert na Demetria walikaa miaka tisa katika ndoa bila mtoto, na mwaka wa nane walikuwa wameacha hata kulizungumza. Kisha katika masika ya mwaka ule Demetria akashikwa na uchungu mchana wa mvua kubwa, maji yamekata barabara ya mjini, hakuna gari wala mkokoteni unaopita. Ansbert akasimama kibarazani na mwavuli mkono mmoja na kadi ya hospitali mkono wa pili, akimsomea kadi ile kila aliyepita, na hakupita mtu. Aliyekuja ni mke wa Mzee Kondo, jirani wa ukuta kwa ukuta, kanga imelowa chapachapa, akamwambia karani aondoke mlangoni akachemshe maji. Kabla ya magharibi Audax alikuwa amezaliwa, analia kwa sauti ya mtu mwenye malalamiko ya siku nyingi, na mama yake mzima.

Siku ya tatu Ansbert akaenda kwa Mzee Kondo kutoa shukrani, ameshika hotuba iliyoandikwa. Mzee Kondo alikuwa Mzaramo wa miaka sitini na kitu, mwindaji wa zamani, aliyelibeba gobore lake miaka thelathini kabla kutu haijalimaliza. Sasa alibaki na shamba la mihogo na magoti mabovu. Aliikatiza hotuba katika ukurasa wa kwanza, akasema yeye na mkewe hawataki kitu, jirani ni jirani. Karani akang'ang'ania. Mwishowe mzee akacheka, akasema basi, kama ni lazima, tangu kabla ya vita hajaonja nyama ya pongo, yule mnyama wa jamaa za paa mwenye madoa meupe ubavuni na pembe zilizosokotwa. Siku mtoto atakapobatizwa, karani aitoe bunduki nyuma ya mashuka, ampige mmoja, wakae wale pamoja. Alisema kwa utani tu. Ansbert akainuka, akavua kofia, akaapa kwa mbingu na kwa jina la mwanawe kwamba itakuwa hivyo, na jua halijatua mtaa mzima ulikuwa umeshaanza kuota ndoto za nyama.

Ugumu ulikuwa hapa. Mzee Kondo ni Mwislamu, na mtaa ule nusu ni Waislamu na nusu ni watu wa misheni. Mnyama wa nyumbani hana taabu: Mkristo mwenye shughuli humwita jirani yake Mwislamu achinje, na chungu kikawa kimoja kwa wote. Lakini mnyama wa porini hupigwa risasi kwanza, na pongo aliyekufa kwa risasi ya Ansbert kabla kisu cha Mwislamu hakijamfikia, Mzee Kondo hamli. Krismasi iliyopita, nyama ya nyumbani kwa Ansbert ilikuwa imetoka kwa ndugu wa upande wa misheni bila kuulizwa nani kachinja, na mzee akala ndizi tupu, akazisifu ndizi zile kwa maneno mengi sana ili mwenyeji asione haya. Ansbert aliona haya vilevile. Alikuwa amelala na aibu ile miezi mitano, na sasa mtu huyuhuyu, ambaye mkewe alimpokea Audax kwa mikono yake, ndiye aliyekuwa anangoja kulishwa. Ilibidi pongo aanguke lakini asife. Aumie, lakini amngoje Kondo.

Demetria alimshauri anunue mbuzi. Ansbert akamjibu kwa hotuba kuhusu neno la mwanamume na kiapo mbele ya mashahidi, na Demetria, alipomaliza kusikiliza, akampa chupa akamwambia basi arudi na mafuta ya taa.

Ndipo asubuhi ya Ijumaa, siku moja kabla ya mawindo na mbili kabla ya ubatizo, Ansbert akaomba ruhusa kazini, akavaa koti, akatia leseni mfuko wa ndani na kalamu tatu mfuko wa nje, akashika njia ya duka la Muhsin bin Jaffar. Vumbi liliinuka mbele yake na nyuma yake. Kuku wakampisha. Mbuzi mmoja hakumpisha, ikabidi shujaa azunguke.

Muhsin, Bwana wa Mizani, alikuwa mtu wa ukoo wa Kiarabu uliokaa na maduka pwani ile tangu babu wa babu, na yeye peke yake kwa upande ule wa Temeke alikuwa na ruhusa ya Boma kuuza risasi. Aliziweka kwenye kisanduku cha bati chenye kufuli, kati ya sabuni na uzi wa kushonea. Katika duka lile hakuna kitu kilichouzwa kizima kama mnunuzi hakutaka: sabuni ilikatwa nusu na robo, chumvi ilipimwa kwa kijiko, sigara moja ilinunuliwa na watu wawili, na risasi nazo zilitoka mojamoja, zikafungwa katika kifuko cha gazeti kama njugu.

Ansbert akasimama mbele ya meza, akaiweka leseni juu yake, akaipiga kofi dogo ili ilale sawa, akasema: "Bwana Muhsin bin Jaffar, amani juu ya duka lako na rafu zake. Mimi Ansbert Kamugisha, mkazi wa Temeke, kwa idhini ya Serikali iliyopigwa muhuri hapa chini upande wa kulia, naja kwako kwa ajili ya jambo zito. Ninakwenda porini Chamazi. Nipe silaha itakayonirudisha na heshima."

Muhsin akaisoma leseni mbele na nyuma, akalifungua kufuli, akauliza: "Laini au ngumu?"

Hapo, ndugu wasikilizaji, ngome ikatikisika. Katika miezi saba na barua kumi na moja, hakuna aliyemwambia Ansbert Kamugisha kwamba risasi ni za namna mbili. Aliipitia leseni tena kwa macho, mstari kwa mstari, akitafuta jibu, na leseni ilisema tano, haikusema zaidi. Akarekebisha miwani. Akasema kwa sauti ya mtu anayempima mwenzake kwamba angependa kumsikia Bwana Muhsin akizieleza zote mbili, kwa faida ya hawa waliopo.

Waliopo walikuwa wanne, kisha saba, kisha kumi na wawili. Muhsin akatoa risasi mbili akazisimamisha juu ya meza kando ya leseni. Hii, akasema, imevikwa shaba mwili mzima mpaka ncha; ni ngumu, inaingia huku na kutoka kule, kama mtu anayekata njia uani kwa jirani bila kupiga hodi. Hii nyingine ncha yake iko wazi, ni laini. Ikiingia inachanua, inakaa humohumo ndani. Ansbert akainama hata pua ikakaribia shaba. Akaitazama ya kwanza kwa muda, akaitazama ya pili kwa muda, akarudi ya kwanza. Nyuma yake mtu mmoja akauliza kama sukari nayo itauzwa leo.

Kutoka katikati ya foleni akajitokeza Bakari, fundi baiskeli, ambaye wakati wa vita alikuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, akafika mpaka Burma, na tangu arudi hapajazungumzwa jambo lolote mtaani asilolijua. Akapita mbele, akaigusa ile laini kwa kidole. "Karani, nisikilize mie," akasema. "Chukua hii. Pongo anadondoka palepale, hata kivuli chake hakikimbii. Mie nimeona kazi ya risasi kwa macho yangu. Ngumu ni ya kutobolea vifaru vya vita, siyo mnyama wa kuliwa."

Neno hilo likapendwa na nusu ya foleni, na kundi la Laini likazaliwa saa ile, wakawa wanasema mchukulie tano za laini aende zake. Ansbert alikuwa ameshanyoosha mkono. Lakini nyuma kabisa alikuwepo mama mmoja mwenye chupa ya mafuta ya taa, jina lake wapokezi hawakulihifadhi, akauliza bila kupandisha sauti: "Na akidondoka amekufa palepale, Mzee Kondo atakula nini? Pembe?"

Mkono wa Ansbert ukarudi nyuma wenyewe. Kundi la Ngumu likainua bendera. Ngumu, wakasema, inapita tu, mnyama anabaki na uhai wake mpaka kisu kifike. Huyo ndiye mnyama wa kuliwa na kila mtu. Bakari akawageukia kwa dharau ya askari aliyeona milima ya Burma. Akawauliza kisu hicho kitafika na nani? Pongo mwenye tundu moja la ngumu anakimbia mpaka Mbagala, na anayemfukuza ni Mzee Kondo, na magoti yale? Watamkuta amekufa chini ya kichaka, na fisi wameshakaa kikao.

Vita vikachacha. Laini wakapiga mbele, Ngumu wakarudisha. Mtu wa Laini alisema Kondo akae karibu na karani ili awahi. Mtu wa Ngumu akasema akikaa karibu na karani ni bora aage nyumbani kwanza. Muhsin aliombwa aamue, akakataa katakata. Akasema yeye anauza, hachagui. Mtu akichagulia watu risasi leo, kesho watamtaka awachagulie wake wa kuoa, na keshokutwa watarudi wote dukani na malalamiko yao. Jua likapanda juu ya paa la mabati. Ansbert akavua koti. Akatoa kalamu, akachora nyuma ya bahasha jedwali la safu mbili, faida huku na hasara kule, akalijaza mpaka chini, akajumlisha, na pande zote mbili zikatoka sawasawa. Alilitazama jedwali lile, akamwona Mzee Kondo amekaa mkekani siku ya ubatizo, mbele yake ndizi tupu, anazisifu.

Ndipo mlango ukatiwa giza, na aliyeingia ni Mzee Kondo mwenyewe, anakuja kununua ugoro kabla ya sala ya Ijumaa. Ansbert, ambaye siku zote hizo alimkwepa mzee asije akamwuliza jambo la uwindaji, sasa hakuwa na pa kukwepea. Akasema shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akakaa juu ya gunia la kunde akanyoosha magoti. Akaziona risasi mbili mezani, akaliona jedwali, akawatazama watu. Bakari akamweleza yote, Laini na Ngumu, Mbagala na fisi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitunguu: "Karani, umeshawahi kumpiga mnyama?"

Majibu yalikuwepo. Mwenye Kalamu Tatu alikuwa na uwezo wa kulijibu swali hilo kwa kurasa sita bila kulijibu. Angeweza kutaja Mzungu wake na safari za upimaji, miaka kumi na minne porini, mahema na simba, na yote yangekuwa kweli isipokuwa kwamba yeye alikuwa akishika daftari. Aliwatazama watu kumi na wawili waliokuwa wakimwita shujaa tangu asubuhi kwa utani na kwa kweli. Akamtazama mzee. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, naye akaiacha ipande.

"Sijawahi, Mzee," akasema. "Hata mti sijawahi kuupiga. Bunduki ile mie naijua kwa namba yake tu. Lakini niliapa, na mkeo alinipokelea mwanangu, na sitaki ule tena ndizi tupu nyumbani kwangu."

Mama wa mafuta ya taa akaangalia pembeni. Mzee Kondo akajisugua goti, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na mwanawe. Akasema ndizi za Demetria zilikuwa nzuri kweli, hakusifu bure. Kisha akasema: "Sasa mambo yamekuwa mepesi. Mkono usiojua, ukiupa laini, popote itakapogusa itaua na kuharibu, hatuli sie wala nyie. Ngumu ina huruma kidogo kwa mpigaji na kwa mpigwaji. Lakini leseni ni yako, mwanangu, na jina ni lako. Chagua mwenyewe. Utakachochagua, mie nakuja na kisu."

Ansbert akavuta pumzi. Akanyoosha kidole, akakiweka juu ya ile iliyovikwa shaba mpaka ncha.

"Ngumu," akasema.

Kundi la Ngumu likashangilia hata mizani ikacheza. Bakari akasema yeye tangu mwanzo alikuwa anaelekea huko. Lakini msidhani kazi ilikuwa imekwisha, kwa kuwa kisanduku kilikuwa na ngumu ishirini, na zinazotakiwa ni tano, na Ansbert hakuwa mtu wa kuokota tu. Alizichambua kama watu wa pwani walivyomfundisha kuchagua nazi: akaipima kila moja kiganjani, akaigonga kwa ukucha, akaitikisa sikioni asikie kama ina maji ya kutosha. Muhsin akafumba macho. Foleni nayo, badala ya kunung'unika, ikaanza kumsaidia; mmoja anasema ile ya tatu ililia vizuri, mwingine anasema hii ina sura ya utii. Adhana ilipoanza, risasi ya tano ikaingia kwenye kifuko cha gazeti, Ansbert akakikunja mdomo, akakiweka mfukoni palipokuwa na kalamu, akatoka kati ya watu waliompisha kwa pande mbili. Mafuta ya taa aliyasahau, na Demetria hakumwacha bila kumgombeza.

Yaliyobaki yasimuliwe kwa upesi, kwani ni mawindo tu. Jumamosi kumepambazuka wakatoka kwa baiskeli moja, Ansbert anakanyaga na bunduki mgongoni, Mzee Kondo nyuma kwenye keria na kisu ndani ya ala, wakafika mapori ya Chamazi jua likiwa bado changa. Mzee akamfundisha kuishika bunduki, akamwonyesha kichuguu kikubwa kama kibanda, hatua ishirini. Risasi ya kwanza haikukiona kichuguu. Ya pili ilikigusa pembeni, na Ansbert akaangua kicheko cha furaha kama mtoto, bega linamwuma. Wakangoja saa moja na zaidi kimya kando ya shamba la mihogo, lililozungushiwa ua wa miti ya kuzuia nguruwe, mpaka pongo dume akatoka kichakani, rangi ya hudhurungi, madoa meupe ubavuni, akasimama anakula majani.

Ansbert akalenga. Akaomba kwa Kihaya, akaomba kwa Kilatini cha misa, akafumba macho yote mawili, akafyatua. Bunduki ikampiga teke, miwani ikaruka. Pongo akashtuka, akaruka upande asioutazama, akaingia kwa kishindo katika ule ua wa shamba, mguu wa mbele ukanasa kati ya miti miwili. Mzee Kondo hakukimbia, alitembea. Akavua shuka ya begani akamfunika macho, akamshika pembe, akamgeuza kuelekea kibla, akasema bismillahi, Allahu akbar, akamchinja akiwa mzima kabisa.

Ansbert akaja akipapasa, ameirudisha miwani yenye ufa. Wakamgeuza mnyama huku na huku, wakatafuta tundu la risasi. Wakatafuta shingoni, mgongoni, tumboni, hata masikioni. Hapakuwa na tundu. Ansbert akakaa chini kwenye majani, ameinamisha kichwa, akasema watu watauliza. Mzee Kondo alicheka hata naye akalazimika kukaa. Akacheka machozi yakamtoka, akamshika karani bega, lile bega lisilomwuma, akamwambia watu wamwachie yeye.

Jumapili Audax akabatizwa, akamlilia padri usoni. Mchana uani kwa Kamugisha ikatandikwa mikeka mitatu, na jikoni kulikuwa na chungu kimoja cha nyama. Mke wa Mzee Kondo alikishughulikia pamoja na Demetria, wakibishana juu ya iliki. Watu wa dukani walifika wote. Sinia likateremshwa, wali chini na nyama ya pongo juu, na pembeni Demetria akaweka ndizi, akimtazama Mzee Kondo kwa jicho la utani. Kabla mkono haujaingia, Bakari, ambaye alikuwa ameshaizunguka ngozi iliyowambwa ukutani mara mbili, akarudi akauliza mbele ya watu wote: tundu liko wapi? Askari wa keya hakuona hata la sindano.

Vijiko vya jikoni vikasimama. Ansbert akafungua kinywa kusema kweli, lakini Mzee Kondo alikuwa ameshainua mkono.

"Nyie mlikuwa dukani," akasema. "Mlimwona akichagua. Mkagawanyika, hawa wakamtaka mnyama adondoke, hawa wakamtaka mnyama aishi. Basi mie nimewinda miaka thelathini, na nashuhudia mbele ya mtoto huyu na mbele ya chakula hiki: pongo nilimkuta mzima, macho wazi, pumzi zimejaa, nikamchinja kwa jina la Mungu. Risasi aliyoichagua karani haikumwua. Haikumwumiza. Haikumgusa hata unywele. Nani kati yenu amewahi kuona risasi iliyochaguliwa vizuri namna hiyo?"

Kwanza alicheka mama wa mafuta ya taa, kisha Muhsin, ambaye mtaa ule haukuwahi kumwona akicheka, kisha Bakari, akisema hata Burma hakuona. Ua mzima ukacheka, na Ansbert katikati yao, masikio yamewaka, akacheka kuliko wote.

Mzee Kondo akanawa, akanyoosha mkono katika sinia, akachagua kipande cha ini, kile ambacho wawindaji wa kwao humpa mwenye mawindo na hapewi mtu mwingine. Watu wakadhani anakula. Akakiweka mbele ya Ansbert. "Mwindaji kwanza," akasema, na safari hii hakuwa anatania.

Ansbert hakuwa na hotuba. Akakila kile kipande. Baada yake Mzee Kondo akala pongo, kwa mara ya kwanza tangu kabla ya vita, kutoka sinia la nyumba ya Kamugisha. Akala bila kusifu neno, akanyoosha mkono tena, na tena, mpaka Demetria akalazimika kuleta sinia la pili. Enyi waandikaji wa tarehe, sogezeni majemadari wenu kidogo kwenye ukurasa, mpate nafasi ya jina moja: Ansbert wa Temeke, mwindaji.